Kutoka Kilwa Hata Kariakoo: Safari ya Vijana Wasiokwenda Chuoni



Kila mwaka, aghalabu mwezi wa Januari, hutangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, na kila mwaka baada ya siku hizo kituo cha mabasi cha Nangurukuru hujaa vijana. Wapo waliopata alama za kuwapeleka kidato cha tano, nao hungoja nyumbani hata waitwe. Wapo watakaopata nafasi vyuoni. Lakini wengi wapandao basi la Dar es Salaam wakati huo hawaendi shuleni wala chuoni. Waenda mjini. Ukiwauliza waenda kufanya nini, watakujibu kwa neno moja tu: kutafuta.

Sisi tunaofundisha madrasa katika wilaya ya Kilwa twawajua vijana hawa tangu walipokuwa wakishika juzuu ya Amma kwa mikono yote miwili. Twawajua kwa sauti zao na kwa majina ya bibi zao. Basi wanapoondoka hatuwezi kusema kwamba jambo hili halituhusu. Wakati wa likizo ya madrasa tulifunga safari kwenda kuwazuru huko waliko, tukaipita njia ile ile waipitayo wao. Katika makala haya twapenda kuwachukua wasomaji wetu katika safari hiyo, tuitazame njia na mji wenyewe, kisha tuseme yale tuliyoyaona yanawapasa wazazi na vijana.

KILWA NA WASAFIRI WAKE

Kilwa si mji mmoja bali ni mitatu. Iko Kilwa Masoko, ambayo ndiyo makao ya wilaya. Iko Kilwa Kivinje, mji wa majumba ya mawe ambayo mengi yamekwisha kuanguka dari na kuota mitini ndani. Na iko Kilwa Kisiwani, ambako ukisimama gatini Masoko wakuona ng'ambo ya maji. Huko Kisiwani umo msikiti mkuu wa kale, ulioanza kujengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa katika karne ya 14, na yamo magofu ya jumba la Husuni Kubwa juu ya mwamba wa bahari. Mwaka 1981 magofu haya, pamoja na yale ya Songo Mnara, yalitiwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Mji huu haukutajirika kwa kukaa kitako. Ulitajirika kwa sababu watu wake walisafiri, na kwa sababu dhahabu ya Sofala ilipita bandarini kwake. Wageni nao walikuja. Mwaka 1331 alifika hapa Ibn Battuta, naye akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Msafiri huyo alitoka kwao Tangier mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, peke yake, nia yake kwenda kuhiji. Hakujua kwamba atatembea karibu robo ya karne. Tutamtaja tena mbele, kwani mwisho wa safari yake una funzo kwetu.

Lakini haitufai kusimulia safari za fahari tukanyamaza zile za uchungu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Maelfu ya watu, wengi wao vijana na watoto, waliletwa kwa minyororo kutoka nchi za Ziwa Nyasa, wakapakiwa majahazini, wasirudi tena. Hao nao waliondoka makwao, ila wao hawakuulizwa. Basi kijana wa leo anayesimama Nangurukuru na begi lake, akichagua mwenyewe basi la kupanda, na ajue kwamba hiari aliyo nayo ni neema ambayo wengi waliopita katika pwani hii hawakuipata. Neema huulizwa ilitumiwaje.

NJIA

Kutoka Kilwa Masoko hata Nangurukuru ni kadiri ya kilomita 30, na kutoka hapo hata Dar es Salaam ni kadiri ya kilomita 300. Leo basi hutoka asubuhi na mchana likawa limefika. Vijana hudhani kwamba imekuwa hivyo siku zote. Sisi tunaokumbuka zamani twajua kwamba masika yakianza, njia hii ilikuwa ikifungwa kwa wiki nyingi, na Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Daraja la Mkapa, ambalo urefu wake hupungua kidogo tu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Kipande cha mwisho cha lami, kati ya Ndundu na Somanga, hakikukamilika hata miaka ya 2010. Hata sasa njia haijaacha kutukumbusha udhaifu wetu: mwezi wa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara sehemu za Somanga, na magari yakalala pande zote mbili.

Tulipita Somanga, ambapo wauza samaki wa kukaanga huinua sinia zao hata madirishani mwa basi. Tukapita Muhoro, ambapo mwaka 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wakati vita vya Majimaji vikianza. Tukavuka Rufiji, tukapita Ikwiriri, Kibiti na Mkuranga, na kwa kila kituo walipanda vijana wengine wenye mabegi kama yale ya wetu. Katika viti vya nyuma vijana wawili walikuwa wakihesabu jamaa walio nao mjini. Mmoja alikuwa na mjomba Mbagala. Wa pili alikuwa na namba ya simu ya rafiki aliyesoma naye, na namba hiyo tangu asubuhi ilikuwa haipatikani. Tulimtazama kijana huyo wa pili, na njia nzima ikawa fupi kwetu na ndefu kwake.

MAHALI PANAPOITWA KARIAKOO

Atokaye kusini huingia Dar es Salaam kwa Mbagala. Kutoka Mbagala Rangi Tatu hata Kariakoo ni mwendo wa daladala, na hapo ndipo wengi wa vijana wetu hufanya kazi, ijapokuwa wachache mno hulala hapo.

Yafaa kijana alijue jina la mahali anapokanyaga. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps kilipiga kambi hapa, na ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Wapagazi wale walikuwa vijana waliotolewa vijijini, wengi wao kwa nguvu, wakabeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Hata leo mtu akisimama katika mtaa wowote wa hapo haipiti dakika asimwone kijana aliyebeba mzigo kichwani akiomba njia.

Hapo Kariakoo mna soko kuu lenye paa la miavuli ya zege, lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya Beda Amuli, msanifu wa majengo Mtanzania. Mna misikiti mikongwe, kama vile Msikiti wa Mtoro na Msikiti wa Manyema, ambamo wakati wa adhuhuri muuza duka na mchukuzi husimama safu moja. Na pembezoni mwake uko Mtaa wa Lumumba, ambao una habari mbili za kukumbukwa. Ya kwanza ni kwamba hapo ndipo chama cha TANU kilipozaliwa, tarehe 7 Julai 1954. Ya pili haijulikani na vijana wengi: mwaka 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika mtaa huo huo, katika jengo la TANU, kikiwa na somo la sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 20. Hakikuhamia kilimani kinakoitwa Mlimani ila mwaka 1964. Yaani chuo na soko walianza kuwa majirani, mmoja akisikia kelele za mwenziwe. Hii ni habari ya kuwatuliza wale wanaodhani kwamba aliyekwenda sokoni amekwenda nchi nyingine kabisa na aliyekwenda chuoni.

Watu wa Kariakoo humwita mchuuzi atembezaye bidhaa mkononi machinga, na wengi husema kwamba jina hilo limetokana na Wamachinga wa mkoa wetu wa Lindi, kwa kuwa vijana wa kusini walikuwa wengi katika kazi hiyo. Basi ukilisikia neno hilo likitamkwa kwa dharau, kumbuka kwamba ni jina la watu, tena watu wa kwetu.

HESABU YA SIKU MOJA

Tuliwaomba vijana watueleze wanavyoishi, nao hawakutuficha. Twaandika hesabu hii wazi ili kijana aliye nyumbani aisome kabla ya kukata tikiti.

Kwanza ni chumba. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita mkupuo, aliye mpole hukubali mitatu, na dalali aliyekuonyesha chumba hutaka malipo sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo wageni hukaa watatu au wanne katika chumba kimoja, mbali na mjini, wakagawana kodi na godoro.

Pili ni mtaji. Asiye na mtaji huchukua mali kauli, maana yake hupewa bidhaa dukani asubuhi kwa ahadi ya mdomo, na jioni hurudisha fedha au bidhaa. Hakuna hati wala sahihi. Neno lake ndilo dhamana. Tuseme kijana amechukua mashati 10 kwa shilingi 8,000 kila moja, naye anayauza kwa shilingi 10,000. Siku hiyo ameuza 6. Mkononi ana shilingi 60,000, naye aliyetoka kijijini juzi hujiona tajiri. Lakini shilingi 48,000 ni za mwenye duka, na faida yake ni 12,000. Humo atoe nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mama ntilie mara mbili, na fungu la kodi. Na ikiwa shati moja limelowa kwa mvua au limeibwa katika msongamano, mwenye duka hataki habari. Hutoa 8,000 akabaki na 4,000. Siku kama hiyo si ya ajabu. Ndiyo maana mwaminifu katika kazi hii ana thamani kuliko mwenye maneno mengi, kwani aliyerudisha fedha kamili siku ya hasara kesho hupewa mashati 20.

Tatu ni mambo yasiyo katika uwezo wake. Mwezi wa Oktoba 2021 wachuuzi waliondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo waliyotengewa, na waliokuwa wamezoeleka mahali walianza upya kutafuta wateja. Tarehe 10 Julai mwaka huo huo soko kuu liliungua moto, na watu walipoteza mali ya miaka kwa usiku mmoja. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapo Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20, wengi wao wakiwa kazini. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hatusemi haya ili kuwatisha watu. Twasema kwa kuwa mzazi anayeambiwa na jirani kwamba mjini fedha huokotwa ana haki ya kuambiwa na haya pia.

Nne ni mikopo. Siku ya hasara simu huja na faraja yake: bonyeza hapa upate fedha sasa hivi. Watu wameipa mikopo ya namna hii jina linalofaa, kausha damu. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za simu zinazokopesha bila leseni na kuwaonya wananchi. Kwetu sisi Waislamu hatari ni mbili, ya mfuko na ya dini, kwani hukumu ya riba yajulikana hata na mtoto wa madrasa.

VIJANA WATATU

Wa kwanza tulimkuta akiuza soksi na mikanda karibu na kituo cha daladala. Alitujua kwanza yeye.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona Idi mbili hatukukuona Kivinje?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Maalim, nitakwendaje mikono mitupu? Tena mama amewaambia watu kwamba niko chuoni. Nikirudi na begi la soksi nitamwaibisha."

Tukamwuliza, "Wewe ndiwe uliyemwambia mama uko chuoni?"

"La. Nilipoondoka alijua naja kutafuta. Watu walipomwuliza ndipo alipojibu hivyo, nami nilipopata habari sikumsahihisha. Sasa ni mwaka wa pili. Mwakani watu watauliza cheti."

Tazama, ndugu msomaji, jinsi aibu inavyojenga ukuta. Kijana huyu haibi, halewi, sala zake hasemi uongo kwamba huziwahi zote lakini huziswali, na deni la mwenye duka hulipa. Hana kosa ambalo mama yake asingeweza kulisamehe kwa neno moja. Walakini mama na mwana hawasemezani ukweli, kwa sababu kila mmoja anamlinda mwenziwe na midomo ya majirani.

Wa pili alikuwa fundi wa simu katika kijibanda kisichozidi upana wa mikono yake. Huyu hakuondoka mara tu baada ya mtihani. Alikaa Masoko miezi minane akijifunza kwa fundi, akapata kitambulisho chake cha taifa, akachukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na baba yake akampigia simu mwenyewe ndugu yake wa Mbagala kumwomba nafasi ya kulala. Alipofika alijua anakolala na alijua kazi moja. Hata hivyo alituambia kwamba miezi mitatu ya mwanzo alilia usiku. Tukafurahi kwa kuwa alitueleza, maana kijana mwenye mahali pa kulilia hapotei upesi.

Wa tatu ni binti, naye tulimkuta katika duka la ushonaji alikoajiriwa. Alipoletwa mjini mara ya kwanza aliletwa na mwanamke aliyejiita shangazi, kwa ahadi ya kusomeshwa chuo, na badala yake akafanya kazi za nyumbani miezi saba bila kulipwa. Aliyemtoa ni jirani mmoja mzee aliyempeleka kwa mjumbe, na mjumbe kwa mtendaji wa mtaa, hata akapewa sehemu ya haki yake. Binti huyu alituomba tuandike neno moja kwa wazazi: wasimtoe mtoto wa kike kwa mtu ambaye nyumba yake hawajaijua, hata akija na zawadi na kanga mpya.

FUNZO LA WALIOTANGULIA

Wako watu wanaosema kwamba aliyeacha masomo akaenda sokoni ameanguka daraja. Hao na wakumbuke habari ya sahaba Abdurrahman bin Auf. Alipohamia Madina kutoka Makka hakuwa na mali. Mtume (S.A.W.) alimfanya kuwa ndugu na Saad bin Rabii, mtu wa Madina mwenye uwezo, naye Saad akamwambia kwamba yu radhi kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akashukuru, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe liliko soko. Akaanza kwa samli na jibini, akawa baadaye miongoni mwa matajiri wakubwa wa umma na watoaji wakubwa wa sadaka.

Habari hii wengi huisimulia kwa ajili ya utajiri wake. Sisi twaona ndani yake mambo matatu ambayo kijana wa Kariakoo anayahitaji zaidi. Alikuwa na mtu wa kumpokea. Hakuona haya kuanza na kitu kidogo mbele ya watu wasiomjua. Na kwenda sokoni hakukumwondoa katika elimu, kwani aliendelea kukaa katika mafundisho ya Mtume na amepokewa hadithi kutoka kwake. Soko halikuwa kinyume cha elimu kwake.

Kisha tumrudie Ibn Battuta. Alipokuwa Dameski, baada ya kuzunguka dunia, ndipo alipopata habari kwamba baba yake alikwisha kufariki miaka 15 nyuma. Akashika njia ya kwao, na mwaka 1349, akiwa amekaribia mji wake, akaambiwa kwamba mama yake naye amefariki kwa tauni. Alikuwa ameona miji isiyohesabika, tena Kilwa yetu mojawapo, lakini mlango aliourudia haukuwa na mtu wa kuufungua. Yeye alikuwa na udhuru: barua wakati ule ilipita kwa misafara na majahazi. Kijana wa leo ana simu mfukoni. Udhuru wake ni upi?

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Enyi wazazi, tangu mwaka 2016 ada ya shule ya sekondari ya serikali hata kidato cha nne imeondolewa, na tangu mwaka 2022 ya kidato cha tano na sita. Mtoto anayeweza kuendelea na aendelee, na asiharakishwe kutoka kwa sababu ya ufuta wa mwaka mmoja au nyumba isiyokwisha kuezekwa. Lakini ambaye alama zake hazikumfikisha, msimfanye kuwa siri ya nyumba. Semeni wazi: mwanangu yuko mjini, anachuuza, mwombeeni. Neno hilo halipunguzi heshima ya mtu yeyote, nalo humwachia mtoto njia ya kurudi.

Wala msihesabu mapenzi yake kwa alichotuma. Kijana akijua kwamba siku ya Idi mikono yake itatazamwa kabla ya uso wake, hatakuja. Atakaa mjini akisubiri siku ya kuwa na kitu, na siku hiyo yaweza kuchelewa kuliko umri wa mzazi.

Nanyi vijana, yatupasa tuwaambie mambo machache yaliyo wazi.

Ombeni ruhusa na dua kabla ya kuondoka. Aondokaye usiku kwa siri huanza safari akiwa na deni.

Jifunzeni kazi moja kwanza. Vyuo vya VETA, ambavyo mamlaka yake iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, vipo hata Lindi, na fundi mzuri wa mtaani naye ni chuo. Mwenye kazi mkononi haangaiki sawa na mwenye mikono mitupu.

Tengenezeni hati zenu nyumbani, ambako mjumbe anawajua. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa kwa aliyefika miaka 18, na barua ya serikali ya mtaa. Bila kitambulisho hata laini ya simu husajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na kwa kisheria aliye chini ya miaka 18 bado ni mtoto. Huyo asiondoke pasipo mtu mzima anayemjua wa kumpokea.

Msikope kwa riba ili kuficha hasara. Mwambieni mwenye duka ukweli jioni ile ile.

Tafuteni msikiti wa jirani kabla ya kutafuta baraza ya mazungumzo. Mgeni anayeonekana msikitini akikosekana siku mbili huulizwa yuko wapi. Katika mji wa watu mamilioni, kuulizwa uko wapi ni mali kubwa.

Wala msidhani kwamba mlango wa elimu umefungwa nyuma yenu. Mtihani wa kidato cha nne hurudiwa na mtahiniwa wa kujitegemea mwenye umri wowote, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliundwa kwa ajili ya watu wanaosoma huku wakifanya kazi. Aliyekwenda sokoni mwaka huu aweza kuwa chuoni miaka saba ijayo, akilipa kwa faida ya mashati.

Tuliporudi Kivinje tulimpelekea salamu mama wa kijana yule wa soksi. Tulisita namna ya kuanza, kwa kuwa mwanawe hakututuma kusema lolote ila salamu. Tukasema tumemwona sokoni, yu mzima, anachuuza, na mwenye duka anamwamini. Mama hakuuliza habari ya chuo wala cheti. Aliuliza, "Anakula?" Tukamwambia anakula. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Watu waliniuliza, maalim, nami nikajibu lililokuja mdomoni. Nipe namba yake, nimpigie leo."

Hatukuambiwa yaliyosemwa baadaye, wala si haki yetu kuyajua. Twaomba kila nyumba yenye mtoto wa namna hiyo ipige simu kama ile, wala isingoje Idi. Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu njiani na sokoni, awape riziki ya halali, na awarudishe makwao wazazi wao wangali hai.

Wabillahi taufiki.